Gereza la Kilwa Kisiwani: hii tunayoiita "ngome ya Wareno" ni nyumba ya nani hasa?

Mwashi wa Mbagala (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimerudi kutoka Kilwa juzi. Nilikwenda msibani Kivinje, upande wa mama, na baada ya hitima nikabaki na siku mbili mkononi. Nikaona nivuke Kisiwani nikalione lile Gereza tulilofundishwa shuleni kuwa ni ngome ya Wareno. Mimi ni fundi mwashi, mwaka wa 22 sasa nashika mwiko na timazi. Historia naijua kwa kusoma tu, lakini ukuta naujua kwa mikono. Nimetoka kule na jambo linanikera, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Nianze na njia, kwa wasiofika. Kutoka Dar unashuka na barabara ya kusini, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, unafika Nangurukuru. Mabasi ya Lindi na Mtwara yananyoosha mbele. Wewe unashuka hapo, unashika barabara ya kushoto zaidi ya kilomita 30 mpaka Kilwa Masoko, na Kivinje unaipita njiani. Masoko unaanzia ofisini kukata kibali na kupewa mwongozaji, kisha unateremka gatini kutafuta mashua. Mkondo wenyewe ni mwembamba, kama kilomita mbili hivi, na upepo ukiwa mzuri hutamaliza hata mazungumzo uliyoanza nayo.

Sasa ukiwa majini, kitu cha kwanza kukiona upande wa pili ni Gereza. Limekaa ufukweni kabisa, mawe mekundu-meusi kwa umri, na mnara wa duara umejitokeza pembeni. Hapo ndipo kosa linapoanza. Kwa kuwa ndilo linalokupokea, unadhani ndilo kubwa la kisiwa. Kumbe katika majengo makuu ya pale, ndilo la mwisho kuzaliwa. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 na kuongezwa karne ya 13. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ni la mwanzoni mwa karne ya 14. Gereza hili unaloliona, kwa umbo lake la sasa, ni kazi ya Waomani, miaka ya mwanzo ya 1800. Limejengwa mahali palipokuwa na ngome ya Wareno ya 1505.

Niwaambie nilichokiona kifundi. Jengo ni la mraba. Lina minara miwili ya duara, na haikukaa upande mmoja: mmoja uko pembe hii, wa pili uko pembe inayotazamana nayo kwa mshazari. Mwongozaji alipita haraka hapo, mimi nikasimama. Jiulize kwa nini miwili tu na kwa nini kwa mshazari. Mnara uliojitokeza nje ya pembe unaziona kuta mbili zinazokutana pale, kwa urefu wake wote. Mwenzake wa pembe ya pili anaziona mbili zilizobaki. Kwa hiyo watu wachache wenye bunduki, wakigawana minara miwili, wanazilinda kuta zote nne na hakuna adui wa kujificha chini ya ukuta. Aliyechora ramani hii alikuwa anabana mawe, chokaa na askari kwa pamoja. Huyo ni fundi anayejua hesabu, na kwa minara hii ya duara mimi naona mkono wa Mwomani, si wa Mreno.

Ndani ni ua, na vyumba vimeegemea kuta. Dari zote zimekwenda, lakini matundu ya boriti bado yapo ukutani, na ukiyafuata kwa macho unajua ghorofa ilikaa wapi. Upana wa vyumba unafuata urefu wa boriti ya mkoko, kama nyumba zote za mawe za pwani yetu. Mkoko haukupi chumba kipana hata ukiulilia. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo wa chokaa, na mahali lipu iliposalia nimeigonga kwa kidole ikalia vizuri, ngumu. Mlango ni wa mbao nzito za kuchongwa. Upande wa bahari sehemu ya jengo imeshaliwa na maji.

Sasa hilo linalonikera. Nilisoma maelezo ya Mjerumani mmoja, Hans Mayr, aliyekuwa ndani ya meli za Francisco de Almeida, jemadari wa Wareno, walipoivamia Kilwa Julai 1505. Anaeleza walivyoupata mji: nyumba imara za ghorofa, vichochoro vyembamba, bustani za michungwa na milimau, misikiti ya kuba, mmoja akaufananisha na ule wa Córdoba. Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, akakimbia, askari wakapora. Halafu anasema ngome ilivyopatikana: walichukua nyumba iliyo bora kuliko zote, wakabomoa zilizoizunguka, wakaiimarisha na kuiwekea mizinga, wakamwacha Pero Ferreira na watu 80.

Rudieni hapo, wakuu. Walichukua nyumba, hawakuanza msingi. Nyumba ile ilijengwa na waashi wa Kilwa, kwa matumbawe ya Kilwa na chokaa ya Kilwa. Wareno wakaiita Santiago, wakakaa humo mpaka 1512, wakaondoka. Miaka saba! Karibu karne tatu baadaye Waomani wakasimamisha hili tunaloliona. Mimi nikipewa nyumba ya mtu nikaitia geti na nondo madirishani nikakaa miaka saba, mtaa hautaniita mjenzi. Lakini Kilwa nzima, na vitabu tulivyosomea, tunasema "ngome ya Wareno". Mjenzi wa kwanza hatajwi, na mjenzi wa mwisho hatajwi.

Naomba mwenye kujua zaidi aongeze, na mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Mtu wa Masoko

Mwashi, pole na msiba. Umeandika kitu cha kweli na sisi huku tunakisema kila siku. Wenyeji wa Kisiwani wakizungumza wao kwa wao wanasema "Gereza" basi. Neno "la Wareno" linaongezwa mgeni akifika.

Nyongeza kwa wanaotaka kuja. Vukeni asubuhi. Mchana kusi likishika, mashua inarudi na maji kifuani, na mwenye simu asipoifunga vizuri amekwisha. Angalieni na maji: yakiwa yametoka, mashua haifiki ufukweni, mnashuka mnatembea kwenye tope na mawe, kwa hiyo njooni na viatu vya kulowa. Masika msije, yaani Machi mpaka Mei, majani yanafunika njia za kwenda Husuni. Na kisiwa kile kina kijiji, watu wanaishi mle, wanalima, wanavua. Vaeni kwa heshima na mpige hodi kabla ya kupiga picha uani kwa watu.

Msafiri wa Kusini

Mleta uzi nakuheshimu lakini hapa umewaonea Wareno, au niseme umewapunguzia. Bango linasema mabaki ya ngome ya Wareno. Na hoja yako ya minara ya duara sikubaliani nayo. Wareno nao mwaka 1505 walikuwa wakijenga minara ya duara. Ngome za pembe kali zenye mabawa, yaani ukuta uliochomoza nje kila pembe, zilikuja baadaye. Huwezi kuuona mnara wa duara ukasema huyu ni Mwomani moja kwa moja.

Mwashi wa Mbagala

Mkuu Msafiri, hapo umenibana na ninakubali. Duara peke yake si ushahidi. Ngome zenye mabawa ya pembe zilienea baada ya 1505, kwa hiyo mnara wa duara ungeweza kuwa wao pia. Mimi nilitazama mpango mzima, ile minara miwili ya mshazari na mraba, ambao ndio mpango wa ngome nyingi za Waomani huku pwani. Nisiseme zaidi ya hapo. Tena waliochimba kisiwa kile, akiwemo Neville Chittick aliyefanya kazi pale miaka ya 1960, hawasemi Wareno hawamo. Wanasema mabaki yao yamo, yamemezwa na jengo la baadaye.

Mimi sitaki kuwafuta. Nataka foleni ya wajenzi itajwe kwa utaratibu wake: nyumba ya mtu wa Kilwa, ikaporwa na Mreno, Mwomani akaja juu yake. Ukitaja wa katikati peke yake, umemkabidhi kazi isiyo yake.

Kaka wa Mombasa

Salamu kutoka Mombasa, ndugu zangu. Huu uzi ni mtamu. Nataka kuweka mfano wa ngome yetu ili watu waone tofauti anayoisema Msafiri.

Fort Jesus ilianzwa 1593, mchoro ni wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Ukiitazama kutoka juu ina mabawa ya pembe, na kila bawa linalilinda jirani yake kwa mizinga. Hesabu ni ile ile ya Mwashi, ila ya mizinga badala ya bunduki. Ile kweli ni ya Wareno, kuanzia msingi uliokatwa kwenye mwamba wa matumbawe. Hata hivyo nayo iliyoko leo si yao peke yao. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, wakaitwaa, wakajenga nyumba ndani. Ukoo wa Mazrui ukaitawala. Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958, na jumba la makumbusho likafunguliwa 1960.

Mimi babu yangu aliiita Ngome. Hakuita Fort Jesus hata siku moja. Nikisikia "Gereza" la Kilwa nakumbuka kwamba watu wa zamani hapa nao walikuwa wakisema "gereza" wakimaanisha ngome hiyo hiyo.

Ticha wa Historia

Kaka wa Mombasa umenifungulia mlango. Nataka kulieleza neno "gereza", kwa sababu wanafunzi wangu kila mwaka wanadhani jengo la Kilwa lilikuwa jela ya Wareno.

Gereza linatokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Limeingia Kiswahili pamoja na meza, bendera, mvinyo, leso, karata na foronya. Sasa kanisa limekuwaje jela? Ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani, na kwa mtu aliyesimama nje ya ukuta, lile jengo zima likaitwa kwa jina hilo. Unguja jambo hili linaonekana wazi: Ngome Kongwe ya Forodhani ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kwa hiyo kwa muda mrefu "gereza" lilikuwa ngome. Baadaye watawala wakazitumia ngome kufungia watu: Mombasa kama alivyosema Kaka, Unguja vilevile, na ile ya Lamu iliyomalizwa 1821 ilibaki jela mpaka 1984. Watu wakawa wanasema fulani amepelekwa gerezani, wakimaanisha amepelekwa ngomeni, na neno likahamia kwenye kifungo.

Kwa hiyo Kilwa wamehifadhi maana ya zamani ya neno. Jina la jengo lile ni kumbukumbu yenyewe, hata kama ukuta ungeanguka wote.

Kuhusu miaka saba ya Wareno, niongeze kwa nini iliwatoka mapema. Utajiri wa Kilwa ulikuwa dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo. Tangu Vasco da Gama alipofika 1502 na kumtoza Amir Ibrahim kodi kwa kumtishia mizinga, walichotaka ni dhahabu ile. Walipouvamia mji 1505 wakamweka kwenye kiti Muhammad bin Rukn ad-Din, mtu wao, naye akauawa mwaka uliofuata. Mji ukaingia fitina ya kiti, wafanyabiashara wakahama, na dhahabu haikupita tena Kilwa. Wareno walishajijenga Sofala kwenyewe, halafu Kisiwa cha Msumbiji. Ngome isiyo na biashara inakula mishahara ya askari tu, wakaiacha.

Na Sofala nako mwende mkajifunze. Ile ngome ya 1505 imeliwa na bahari, na mawe yake mengine yalichukuliwa kujengea kanisa kuu la Beira.

Bint Kivinje

Kaka Mwashi, poleni kwa msiba, Mungu awape subira. Naona mmezungumza mawe sana, naomba na mimi niwataje watu.

Wageni wakipelekwa Gereza huambiwa watumwa walifungiwa pale. Naomba tuwe waangalifu. Biashara ile ilikuwepo Kisiwani, hilo halina ubishi. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu wasiopungua 1,000 kila mwaka, piastre 20 (sarafu za fedha) kwa kichwa, wapelekwe kwenye mashamba ya Mauritius na Réunion. Lakini karne ya 19, wakati jengo hili la Waomani lilipokuwa linatumika, soko kubwa lilishahamia kwetu Kivinje. Misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia Kivinje, na majahazi ya kwenda Unguja yakang'oa nanga Kivinje. Mtu akitaka kusimama mahali watu wetu walipouzwa, asimalizie Kisiwani. Aje na kwetu.

Halafu mnasema "ngome ya ukoloni" mkimaanisha Wareno wa miaka saba. Kivinje kuna boma la Wajerumani linabomoka mbele ya macho yetu, miti imeota ukutani. Na kuna Mwembe Kinyonga. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa pale Novemba 1895, na wapiganaji wa Majimaji wakafuata baada ya 1905. Wageni hupita Kivinje kwenye gari wakiwahi mashua ya Masoko. Hata wewe kaka yangu umekuja msibani kwetu, ukaenda kupiga picha Kisiwani.

Mwashi wa Mbagala

Dada yangu, umenigusa na una haki. Boma nililiona. Nilisimama nje, mizizi ya mfumbati au mti gani ule umeshika kona ya ukuta mpaka mawe yanaachana. Sikuandika kwa sababu nilikuwa na msiba kichwani na mahali pale palikuwa ni nyumbani, nikaona si pa kutembelea. Umenionyesha kwamba ndivyo tunavyozipoteza: cha nyumbani tunakizoea mpaka kinaanguka.

Kuhusu watumwa kufungiwa Gereza, mwongozaji aliniambia hivyo na mimi sikuliandika kwa sababu hiyo hiyo unayoisema.

Msafiri wa Kusini

Mwashi, ile habari ya Mayr na nyumba bora ya mji kugeuzwa ngome sikuwa naijua. Nimerudi nikasoma na ni kweli ndivyo alivyoandika. Naondoa sehemu ya hoja yangu. Bado nasema bango libaki na jina la Wareno, ila liongezwe.

Swali: wewe kama fundi, ukuta ule unaokolewaje? Kwa nini wasiupige saruji ya nguvu mara moja kwa daima?

Mwashi wa Mbagala

Swali hili nimelingoja, kwa sababu hapa ndipo mafundi wenzangu tunakosea sana.

Saruji usiitie pale. Tumbawe ni jiwe lenye vitundu, linavuta maji na kuyatoa. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua: ukilowa kwa mvua au mvuke wa bahari, unyevu unatoka kupitia lipu. Ukiuvisha saruji umeuziba pumzi. Maji yanabaki ndani pamoja na chumvi ya bahari, chumvi ikikauka inaumuka na kulimega jiwe nyuma ya saruji. Kwa macho ukuta ni mzima, ndani umekuwa unga. Siku moja saruji inaanguka bapa zima, na jiwe limeng'ang'ania nyuma yake. Nyumba za mawe za Bagamoyo na Unguja zimeumia hivyo nyingi, na nimeshaitwa kurekebisha.

Chokaa yake inachomwa hivi, kwa wasiojua: unapanga magogo duara, juu yake unarundika matumbawe, unawasha na kuacha moto ufanye kazi yake mpaka mawe yawe meupe mepesi. Kisha yanamwagiwa maji, yanachemka na kupasuka yenyewe kuwa unga. Halafu chokaa inalazwa shimoni na maji. Kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa laini na kushika. Ukiitumia mbichi itakufedhehesha, lipu inatoa malengelenge. Haraka haitakiwi, na mteja wa leo hana subira hiyo.

Kilwa Kisiwani iliwekwa kwenye Urithi wa Dunia 1981 pamoja na Songo Mnara. Mwaka 2004 ikatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na 2014 ikatolewa baada ya kazi nyingi za kukarabati. Waliofanya kazi ile walirudi kwenye chokaa, na vijana wa pale walishika mwiko. Niliona viraka vyao, nikagusa, ni kazi nzuri. Lakini chokaa haipambani na wimbi. Gereza liko mdomoni mwa bahari, na msikiti wa Malindi na makaburi yake uko jirani hapo hapo. Kinachoweza kuukinga ufukwe ule ni mikoko ibaki mahali pake, na kazi ya kuvunja nguvu ya maji kabla hayajafika kwenye msingi.

Mtu wa Masoko

Hilo la mikoko lipigeni mstari. Boriti nazo zinatoka humo humo, na mikoko ikikatwa karibu na magofu maji yanaingia. Wazee wanaonyesha mahali walipokuwa wanacheza mpira wakiwa watoto, leo ni bahari.

Kaka wa Mombasa

Naomba msaada. Nakuja Tanzania kwa siku nne na mke wangu. Mkiniambia Kisiwani nikione nini baada ya Gereza, nifuate mpango gani? Na hiyo Songo Mnara ni mbali?

Mwashi wa Mbagala

Kaka, karibu sana wewe na shemeji. Mimi ningefanya kinyume cha wanavyofanya wengi. Mkishuka, lipiteni Gereza kwanza msiingie. Nendeni Msikiti Mkuu mkae humo kwa utulivu, hasa kwenye ile sehemu ya kuba na matao ya karne ya 13. Tazameni nguzo zilivyopangwa kwa mistari. Kwa fundi hapo ndipo pa kuvua kofia: matao ya jiwe la tumbawe, kwa chokaa, bila nondo hata moja, yamesimama zaidi ya miaka 700. Baadhi ya kuba zilipambwa kwa vyombo vya Kichina vilivyopachikwa kwenye chokaa. Pitieni msikiti mdogo wa kuba, halafu Makutani, jumba lililozungushiwa kuta kubwa.

Kisha mtembee mpaka Husuni Kubwa, nje ya mji wa kale, juu ya jabali la bahari. Bebeni maji. Kuna birika la pembe nane lililojengwa ndani ya jumba, na ngazi zinazoteremka baharini. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, enzi ya mwenye jumba lile. Nilikaa ukingoni mwa birika nikalitazama lile pembe nane. Kulipima nane sawasawa kwa jiwe, bila pima maji ya dukani, si kazi ya mtu wa kubahatisha.

Gereza muingie mwishoni, wakati mnangoja mashua. Hapo mtalielewa. Mtakuwa mmeshaona nyumba za namna gani zilikuwa pale, na mtajua Mayr aliposema "nyumba iliyo bora kuliko zote" alikuwa anaongea juu ya kitu cha namna gani.

Mtu wa Masoko

Kaka, Songo Mnara ni kisiwa kingine, kusini. Boti inachukua muda na lazima mfuate maji, kwa hiyo iwekeeni siku yake nzima, msiunganishe na Kisiwani. Kule mtaona nyumba za mji wa karne ya 14 na 15 zikiwa na vyumba, baraza na milango ya matao, mtaa kwa mtaa. Pale ndipo utaona mtu wa kawaida mwenye uwezo alivyoishi.

Bint Kivinje

Na siku ya nne mje Kivinje. Nitawatembeza mwenyewe, shemeji atakula pweza kwa mama.

Ticha wa Historia

Mwashi, nina ombi. Ile aya yako ya minara miwili na kuta nne naomba niitumie darasani. Nitawachorea wanafunzi mraba ubaoni niwaambie waweke askari wachache waone wapi watawaweka. Wakishajua kwa nini mnara uko pale, hawatasahau Gereza.

Mwashi wa Mbagala

Tumia mwalimu wangu, ni yako. Waambie pia wajaribu kuweka minara yote miwili upande mmoja waone kuta zipi zinabaki bila jicho.

Na mimi nina ombi langu kwa watu wa Kivinje na Masoko. Nasikia bado kuna wazee wanaochoma chokaa kwa tumbawe la kale la nchi kavu, si lile la baharini linalokatazwa. Mwezi wa kumi nitarudi kwa arobaini ya marehemu. Nataka kukaa na mmoja wao siku mbili, nione anavyopanga tanuri na anailaza chokaa muda gani shimoni. Nitakuja na vijana wangu wawili wanaojifunza kazi. Anayemjua aniandikie faragha.

Bint Kivinje

Kaka, yupo mmoja nyuma ya msikiti, mtaa wa mama. Nikitoka sokoni kesho nitamuuliza kama ana tanuri la mwezi wa kumi.